Moyo Ukisimama, Tunaanza Kuulizia Sindano

"Sista, mlikuwa mnamkandamiza tu baba kifua. Sindano mbona mlichelewa kumchoma?" Kijana mmoja aliyasema hayo kwenye varanda ya hospitali moja hapa Dar es Salaam, nami nimekaa benchi la jirani. Muuguzi alinyamaza. Sare yake ilikuwa imelowa jasho mgongo mzima.

Sindano aliyoiulizia ni ya adrenalini, dawa ya kuamsha moyo uliosimama, na kuiamini si kosa. Hubana mishipa, presha ikapanda, damu ikapata nguvu ya kuufikia msuli wa moyo wenyewe. Monita ikionyesha mstari mnyoofu, yaani moyo umenyamaza kabisa, miongozo ya tiba inataka miligramu 1 ichomwe mapema iwezekanavyo, kisha kila baada ya dakika 3 hadi 5.

Ila mioyo haisimami kwa namna moja. Upo unaotetemeka ovyo bila kusukuma damu, na huo unataka kwanza mshtuko wa umeme. Adrenalini husubiri hadi mshtuko wa pili au wa tatu ushindwe. Tena adrenalini hiyohiyo huuhimiza moyo utumie oksijeni usiyokuwa nayo, na inaweza kuurudisha kwenye mtetemo.

Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2018 ambao siachi kuurudia. Wagonjwa zaidi ya 8,000, mioyo imesimama wakiwa nje ya hospitali. Nusu walichomwa adrenalini, nusu maji ya chumvi yasiyo na dawa, ili walinganishwe. Mapigo yalirudi kwa asilimia 36.3 ya waliopata dawa, dhidi ya 11.7 ya wenzao. Mara tatu! Siku ya 30, waliokuwa hai ni asilimia 3.2 dhidi ya 2.4. Wale wote ambao mapigo yao yalirudi, wakawapa ndugu matumaini, walikwenda wapi? Na miongoni mwa walionusurika hadi kutoka hospitali, waliobaki na ulemavu mzito wa ubongo walikuwa asilimia 31 upande wa dawa, 17.8 upande wa maji ya chumvi. Moyo uliitika, ubongo ulikuwa umeshakaa bila damu muda mrefu.

Wanaoitetea dawa husema pale ilichomwa kama dakika 21 baada ya simu kupigwa. Ingewahi, huenda hesabu ingekuwa nyingine. Hoja hiyo ina uzito, na hao wachache iliowaokoa ni wazazi wa watu. Sisemi iachwe. Nasema kinachoulisha ubongo katika dakika hizo ni mikono: kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kupumzika. Yule sista aliyegoma kuachia kifua hakuwa akipoteza muda wa mzee. Alikuwa akimwongezea.

Nilimuuliza kijana baba alidondokea wapi. Nyumbani, Tandika, akasema. Wakambeba hadi kwenye bajaji, wakakuta foleni. Na njiani mlimfanyia nini? Mama alikuwa anampepea kwa kanga, akasema, mpaka tunafika.