Chaga Mbili za Katikati

Nilianza vizuri tu. Ukitaka mtoto aonje muziki wa roki, mpe mdundo kwanza: hesabu moja, mbili, tatu, nne, naye apige kofi kwenye mbili na kwenye nne, pale fimbo inapotua kwenye ngoma ya snea. Mapigo 120 kwa dakika yanatosha. Wanangu wawili walipiga makofi kidogo, halafu wakaniuliza kama gari limeishiwa mafuta. Wamekulia Dar kwenye singeli, na singeli inavuka mapigo 200.

Nikahamia kwenye hadithi. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar 1946, walimpokea kwa adabu ya wageni msibani. Kilichowaamsha ni Brian May, mpiga gitaa wa bendi yake ya Queen: kijana wa shule asiye na hela ya gitaa la dukani, ambaye mwaka 1963 alianza kuchonga lake pamoja na baba yake. Shingo ilitoka kwenye mbao kuukuu ya meko ya kuotea moto. Alama za shingoni ni vifungo vya lulu vya mama yake. Na hachezi kwa pleki, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, anatumia sarafu ya peni sita.

"Baba, mbao nzuri ya shingo ikoje?"

Nikajibu kiprofesa: iliyonyooka, kavu, isiyo na fundo.

Wiki nzima nyumba ilikuwa kimya, nami mjinga nikashukuru.

Ijumaa usiku nikajibwaga kitandani. Ni cha tano kwa sita, na chaga zake hazijapigiliwa misumari, zimeegeshwa tu kwenye ukingo wa fremu. Ukichomoa moja kichwani na moja miguuni, godoro halijui. Wao walichomoa mbili zilizofuatana, katikati kabisa, pale panapokaa makalio ya mwenye nyumba. Godoro likazama kwenye pengo, likavuta chaga za jirani, nazo zikateleza moja moja kama abiria wa daladala wanaoshuka Kariakoo. Nikajikuta sakafuni, miguu juu, nimekunjwa kama nyama ya sambusa.

Mke wangu akachungulia mlangoni. "Baba watoto, unatafuta nini huko chini?"

Gitaa tulilikuta uvunguni mwa watoto, na kwa kweli lilikuwa na heshima yake. Chaga mbili zimegandishwa kwa gundi ya mbao, zikafungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli siku nzima. Tatizo ni mvuto: nyuzi sita za chuma, hata zile nyembamba za saizi ya tisa, zikikazwa hadi sauti yake huvuta shingo kwa zaidi ya kilo 30. Gitaa la dukani hupitishiwa fimbo ya chuma ndani ya shingo ili kupingana na mvuto huo. Chaga ya msonobari ilikuwa imepinda kama upinde, kidole kinapita chini ya nyuzi, na ukibonyeza, sauti inapanda isivyotakiwa. Tukatoa nne nyembamba, tukabakiza mbili nene. Kwa roki zinatosha.

Sauti waliinasa kwa kile kisahani cha shaba kinacholia ndani ya saa ya kengele (yangu, ndiyo), wakakiunganisha na sabufa. Kisha wakalaza gitaa juu ya sabufa hiyohiyo. Mtikisiko wa spika ukaingia kwenye kisahani, kikaurudisha kwenye spika, spika ikautoa mkubwa zaidi. Mbwa wa mtaa mzima waliitikia.

Asubuhi, nilitakiwa kwenye posa ya mpwa wangu, mimi ndiye mshenga. Saa haikulia, hilo nilishalitarajia. Nikavaa shati jeupe mbiombio: halina vifungo sita. Nikaenda kuhesabu kwenye shingo ya gitaa. Kimoja kwenye nafasi ya tatu, ya tano, ya saba na ya tisa, viwili kwenye ya 12. Vimekaa panapostahili, sikupata pa kugomba. Nilitoa posa nimefunga koti hadi shingoni, joto la Februari.

Jioni mdogo akanifuata barazani, mkononi ana bisibisi.

"Baba, hukumalizia. Springi za gitaa lake, Brian May alizitoa wapi?"

Alizitoa kwenye valvu za injini ya pikipiki kuukuu. Pikipiki yangu ilikuwa hatua mbili kutoka aliposimama.

"Dukani," nikasema.

Tangu siku hiyo inalala sebuleni.