Wapishi wa maksi

Form four tulikuwa na praktiko ya kemia, ile taitresheni, mliosoma sayansi mnaijua. Unajaza asidi kwenye bureti, unavuta besi kwa pipeti, unadondoshea indiketa, unafungua koki taratibu mpaka rangi ibadilike halafu unasoma asidi imetumika kiasi gani. Unatakiwa urudie mara tatu na majibu yasipishane zaidi ya sentimita za ujazo 0.2. Sasa muda hautoshi, bureti moja mnagombania wawili, kwa hiyo ile ya kwanza ulikuwa unapima kweli, mbili zilizobaki unazipika: 22.30, 22.40, 22.30, zinakaa kwenye jedwali kama zimeandikwa na malaika. Kuna jamaa yangu mmoja yeye alipima zote kwa mkono wake, zikatoka zimepishana pishana, akaandika hivyo hivyo. Kwenye mock akapigwa panga. Sisi wapishi tukala maksi zote.

Hakuna mwalimu aliyetuambia pikeni data. Makingi skimu, ule mwongozo wa kusahihishia, ndio ilituambia.

Nimelikumbuka hili kwa sababu huu mjadala wa mitihani umerudi tena. Kenya wameshaizika KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ilifanyika 2023, na ule mtihani wao wa gredi ya sita unachangia sehemu tu ya alama, nyingine zinatoka kwenye tathmini za shuleni na mtihani wa gredi ya tisa. Huku kwetu Tanzania mtaala mpya ulianza 2024 na mtihani wa la saba nao siku zake zinahesabika maana elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Basi kuna watu wanasema mtihani wa mwisho ndio mchawi wa elimu yetu, tuufute tuweke tathmini endelevu, mtoto apimwe kidogo kidogo mwaka mzima.

Kusema ukweli hawajakosea kwenye tatizo. Mnakumbuka 2012 hisabati la saba ilipogeuzwa yote kuwa ya kuchagua jibu? Mtoto hana haja ya kuonyesha njia, anasiliba tu kwenye ile fomu ya OMR inayosahihishwa na mashine. Matokeo yake walimu wa tuisheni wakaanza kufundisha ujanja badala ya hesabu, chukua majibu yaliyopo yarudishe kwenye swali moja moja, likikubali siliba songa mbele, yakikataa yote basi ana ana ana do. Mtoto anaweza kupata x bila kujua x ilitafutwaje. Baadae NECTA, Baraza la Mitihani, wakarudisha maswali machache ya kuonyesha njia, na ndani ya muda mfupi madaftari yakaanza tena kuwa na njia. Mwalimu ni yule yule na silabasi ile ile, kilichobadilika ni swali tu.

Ila sasa hiyo dawa ya tathmini endelevu, mimi nina wasiwasi nayo, tena mkubwa. Sio jambo geni hata kidogo. Azimio la Musoma la chama cha TANU la 1974 lilisema hivi hivi, kwamba tuache kumpima mtoto kwa pepa moja, na kuanzia 1976 kazi za shuleni zikapewa nusu ya alama kwenye matokeo ya mwisho. Wazo zuri sana, hata mimi ningelipigia makofi. Halafu nenda shule ya kata yenye watoto 90 darasa moja, mwalimu ana mikondo minne, mwambie asahihishe projekti ya kila mmoja na aandike maoni. Atafanya nini? Mwisho wa muhula atakaa na ile fomu ya alama, atamkumbuka mtoto kwa sura, atamwekea 67. Yaani upishi haujaisha, umehama kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mwalimu. Na kwa wenzetu Kenya wazazi wamelalamika sana kwamba hizo projekti wanazifanya wao usiku, mama anakata maboksi na gundi huku mwenye projekti ameshalala. Mzazi asiye na hela ya printa anafanyaje?

Chuo ndio usiseme. Kozi weki asilimia 40, UE, yaani mtihani wa mwisho, 60, na ndani ya hiyo 40 kuna grupu asaimenti ambayo watu kumi wanaandika majina na mmoja anaandika kazi.

Kwa hiyo pamoja na ubaya wake wote, ile pepa ya taifa ina kitu kimoja: mtoto wa Namtumbo kijijini na mtoto wa Masaki ushuani wanapewa swali lile lile na msahihishaji hawajui wote wawili. Ukiiondoa bila kuweka kitu cha maana, aliyekuwa na mjomba ndiye atakayefaulu. Mimi naubakiza mtihani, ila maswali yenyewe ndio nayapiga vita.

Na kuna kitu wanaochukia mitihani huwa wanakisahau. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke kule Marekani waliwapa wanafunzi maandishi wasome, kuna waliorudia kusoma na kuna waliofunika karatasi wakajitahidi kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, baada ya wiki moja waliojipima ndio walikumbuka zaidi. Kwa hiyo kupimwa kunafundisha, tena kuliko kupiga msuli kwa kusoma notsi zile zile mara sita. Naongelea kile kikwizi cha dakika kumi ambacho hakiendi kwenye ripoti yoyote, unakosea, unarudishiwa leo leo unaona ulipokosea. Hicho ndicho tulichokiua, maana kila kitu tumekipa asilimia, na mtoto akijua kina asilimia anaacha kujaribu anaanza kutafuta jibu la kunakili.

Pepa ya NECTA yenyewe ukishakusanya huioni tena, unaletewa divisheni tu. Ingawa kusema kweli NECTA huwa wanatoa ripoti za uchambuzi wa majibu, swali kwa swali, na picha za majibu ya watahiniwa wenyewe, mazuri na mabovu. Mimi nilizijua nimeshamaliza chuo, natafuta pasti pepa za mdogo wangu mtandaoni. Nikamwita nikamwambia njoo uone, hapa wanaeleza watu wanakosea wapi na kwa nini. Akaangalia kama dakika mbili hivi, akaniuliza, "Broo, hii inatoka?"