Wapime na jerikeni, si chemchemi peke yake
Eti kihisi kipya, yaani kifaa cha kupimia maji, kitaonyesha papo hapo kama majini kuna E. coli, bakteria wa kinyesi, badala ya kusubiri maabara ioteshe sampuli kwa saa 18 hadi 24. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote: huku Bwaise, Kampala, vyoo vya shimo viko hatua chache tu kutoka chemchemi, na majibu yakija kesho yake mtaa mzima umeshakunywa. Lakini wasiishie chemchemini. Maji yaliyotoka safi huchafukia ndani ya jerikeni, hasa lile lenye utelezi wa kijani ambalo halijasuguliwa wiki nzima. Mimi huchemsha kila siku, hata mkaa ukipanda bei. Wenzangu wa Katwe na Kalerwe, kuna aliyewahi kupimiwa maji ya nyumbani kwake?