Jina linaweza kusubiri, anwani haisubiri

Mwaka wangu wa kwanza Marekani, nesi alikuwa akifungua mlango wa chumba cha kusubiria anatazama faili, kisha anaita jina la babu yangu mzaa baba, mvuvi wa Tanga ambaye safari yake ndefu kabisa ilikuwa Pemba. Nami nainuka, naitika. Sisi majina yetu ni matatu: langu, la baba, la babu. Fomu za huku zinataka la kwanza na la ukoo, la katikati ni hiari. Kwa hiyo babu akawa ubini wangu, na baba akabaki herufi moja na nukta yake.

Nilipoolewa hapa Ohio nikaona ndiyo nafasi ya kutoka kwenye fujo hiyo, nikachukua jina la mume. Hakuna aliyenidai. Kwetu pwani mwanamke akiolewa hubaki binti wa baba yake mpaka kaburini. Mama aliposikia aliuliza tu, "Kwani baba yako kakukosea nini?" Nilicheka sana siku ile.

Siku hizi ndiye mimi ninayepigiwa simu na mabibi harusi wapya, na swali la kwanza ni lilelile: "Dada, jina nabadilishaje?" Jibu langu huwaudhi. Usibadili. Au tuseme, usibadili sasa.

Jina ukiligusa mahali pamoja litakudai uliguse kila mahali, tena kwa zamu. Huanzi na leseni ya udereva. Unaanza na soshali, ile ofisi ya Social Security inayotoa kadi ya namba yako, unasubiri angalau saa 24 ili taarifa iingie kwenye mitambo yao, ndipo uende kwa watu wa leseni. Baada ya hapo benki, kazini, bima, na kodi, kwa sababu jina kwenye ritani likipishana na lililoko soshali, marejesho yako yanaweza kuchelewa. Na kila dirisha linataka cheti cha ndoa. Hapa ndipo wengi wetu tunapoumbuka. Mimi nilipeleka kile cha msikitini, chenye maua pembeni na mwandiko mzuri wa shehe. Mama wa dirishani akakigeuza, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye karatasi akitafuta alama ya mhuri wa kubonyezwa. Hakuipata. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, kama anayerudisha picha ya mtoto. Kinachotakiwa ni nakala iliyothibitishwa, na hapa Ohio unaichukua kwenye mahakama ya mirathi ya kaunti iliyokupa leseni ya ndoa. Ndiyo, mahakama ya mirathi. Chukua tatu au nne kwa mpigo.

Hayo yote yanavumilika. Kisichovumilika ni mguu mmoja kuwa huku na mwingine nyumbani. Fomu ya I-485, ya kuomba ukaazi wa kudumu, niliijaza kwa jina jipya nikaambatanisha cheti, grini kadi, yaani kadi ya ukaazi, ikaja na jina la mume. Pasipoti ya Tanzania ina jina la babu. Kitambulisho cha taifa cha NIDA, la babu. Tiketi nayo lazima ifuate pasipoti. Basi wakati wa kurudi, uwanja wa ndege Dar, kijana wa kaunta kashika pasipoti mkono huu na kadi mkono huu, ananitazama usoni kama jibu limeandikwa pale. Kusafiri na majina mawili kunaruhusiwa, mradi ubebe karatasi inayoonyesha la kwanza lilivyogeuka la pili. Ninayo, safari hii ile ya mahakama. Lakini foleni nyuma yangu haikujua hilo, ikaanza kuguna.

Ukilitaka jina bado, subiri karatasi ambazo utazilipia vyovyote vile. Kama ndoa haikuwa imefikisha miaka miwili siku ulipokubaliwa ukaazi, kadi yako ni ya miaka miwili, na ndani ya siku 90 kabla haijaisha utapeleka I-751, fomu ya kuomba ukaazi usio na sharti. Peleka na jina hapohapo. Kuomba kadi mpya kwa ajili ya jina peke yake ni I-90, ambayo tangu Aprili 2024 ilipangiwa dola 415 mtandaoni na 465 kwa karatasi. Ni tiketi ya mtu kwenda kuzika hiyo. Au ngoja uraia, miaka mitatu ukiwa unaishi na mwenza raia: fomu ya N-400 ina sehemu ya kuomba jina jipya, na kiapo kikisimamiwa na mahakama jaji analipitisha palepale. Kwetu Watanzania, tusioruhusiwa uraia pacha, siku hiyo pasipoti ya zamani inaondoka na jina lake, ugomvi umekwisha. Wakenya, wanaoruhusiwa uraia pacha tangu Katiba ya 2010, wanaendelea kulinganisha.

Kisichosubiri ni anwani. Ukihamia kwa mume una siku 10 kuwaarifu USCIS, watu wa uhamiaji, kwa fomu ya AR-11, bure, na hakuna bibi harusi hata mmoja aliyewahi kunipigia simu kuuliza hilo. Barua ya kukuita alama za vidole inakwenda kwenye fleti uliyokuwa ukiishi na shoga zako, nawe unashangaa mbona kimya. Na ile kadi ya soshali uliyopewa wakati wa kibali cha kazi, yenye maneno kwamba kazi ni kwa idhini tu: ukishapata grini kadi, jaza SS-5, fomu ya kuomba kadi ya soshali, ukapewe isiyo na maneno hayo. Nayo ni bure, na namba haibadiliki.

Wiki iliyopita nilikuwa kliniki tena. Nesi kaita jina la mume wangu mara tatu, sauti ikipanda, watu wakaanza kutazamana. Mimi nimekaa, nimetulia, nasubiri waite la babu.