Mtoto Ahesabiwe Mwenyewe, Si Kaya Yake

Taarifa nyingi za umaskini hutaja ni kaya ngapi zinakosa maji, choo au godoro. Watoto hawaonekani. Chukua mfano wa kaya 10 za kijiji kimoja wilayani Bahi, Dodoma: 4 zina dhiki, kila moja ina watoto 5; 6 zina nafuu, na watoto wawili wawili. Ukihesabu kaya, dhiki ni asilimia 40. Ukihesabu watoto, ni 20 kati ya 32, zaidi ya asilimia 62. Kijiji ni kilekile! Kabla ya kutoa asilimia, zidisha uzito wa kila kaya (idadi ya kaya inazoziwakilisha) kwa idadi ya watoto wake.

Dodoso ndilo linaloharibu kazi zaidi. "Mna chandarua?" ni swali bovu, maana chandarua chaweza kuwa kimezungushiwa vifaranga. Uliza nani alilala ndani yake usiku wa kuamkia leo. Viatu navyo: mtoto awe na jozi inayomtosha sasa, si kandambili anazopokezana na dada yake. Kama hana, uliza tena: hammudu, au hamkuona haja? Ahesabiwe wa "hatumudu" tu. Maswali ya chakula aulizwe anayempikia mtoto. Baba mara nyingi hujibu kwa kulinda heshima ya nyumba.

Kuhusu tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, naona tunakosea. Paa la udongo huandikwa dhiki moja kwa moja, ilhali tembe lililokandikwa vizuri lina ubaridi mchana kuliko bati. Kinachomdhuru mtoto ni paa linalovuja, na papasi wanaojificha kwenye nyufa na kuleta homa ya papasi. Hayo ndiyo ya kuuliza.

Halafu kuna muda. Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua. Mdadisi akifika Juni, mtama umevunwa. Akifika Februari, watu wanahemea na chungu kinapanda jikoni mara moja kwa siku. Ziara moja haimtofautishi mtoto aliyekosa wiki tatu na aliyekosa mwaka mzima. Zirudiwe kaya zilezile Februari, Juni na Oktoba, na dhiki ya kila mtoto ihesabiwe kwa idadi ya ziara alizokutwa nayo. Kila mtoto apewe namba isiyobadilika, na mdadisi amfuate hata akipelekwa kwa bibi kijiji cha pili, kwa kuwa wengi huhamishwa njaa inapokaza, na dodoso la kaya huwafuta.