Antioksidanti na ganzi ya kemotherapi: je, ni kweli hazidhuru?

Anayetibiwa saratani kwa dawa za kemotherapi kama paclitaxel au oxaliplatin huijua ganzi hii mapema. Vidole vinachomachoma, kufunga kifungo cha shati kunageuka kazi, nyayo hazihisi sakafu. Ikizidi, daktari hulazimika kupunguza au kusimamisha dawa ileile inayopambana na saratani. Siwezi kumlaumu anayekimbilia vitamini E, mojawapo ya antioksidanti.

Tena hoja yake ina mashiko. Dawa hizi huharibu mitokondria, yaani mitambo ya nishati ndani ya seli za neva, na uharibifu huo huzalisha kemikali za oksijeni zinazozidi kuitafuna neva. Antioksidanti huzima kemikali hizo. Majaribio madogo ya vitamini E kwa waliopewa cisplatin, dawa nyingine ya kemotherapi, yalileta matokeo ya kutia moyo.

Lakini jaribio la wagonjwa wapatao 200, lililochapishwa mwaka 2011, halikuona tofauti kati ya waliomeza vitamini E na waliomeza vidonge visivyo na dawa. Asidi ya alfa-lipoiki, antioksidanti nyingine, nayo haikufua dafu, ingawa wengi waliacha jaribio lake njiani, kwa hiyo silichukulii kuwa hukumu ya mwisho.

Linalonisumbua zaidi ni jaribio la kirutubisho kingine, asetili-L-karnitini, lililohusisha wanawake 409 wenye saratani ya matiti. Ilitarajiwa kuwakinga. Wiki ya 12 hakukuwa na tofauti. Kufikia wiki ya 24, waliokuwa wakiimeza walikuwa na ganzi mbaya zaidi kuliko wenzao, na miaka miwili baadaye pengo lilikuwa bado lipo. Baada ya hapo, mtu akiniambia "jaribu tu, haina madhara," namuuliza amejuaje.

Shuhuda za waliopona nazisikiliza, ila kwa wengi ganzi hupungua yenyewe miezi kadhaa baada ya tiba kwisha, na sifa huenda kwa kidonge kilichokuwa mkononi.

Upande wa madaktari nao una deni. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa saratani Marekani, ASCO, uliohuishwa mwaka 2020, unapendekeza duloxetine pekee, dawa ya sonona inayotuliza pia maumivu ya neva, tena kwa maumivu yaliyokwisha kuanza, na nafuu yake ni ya wastani. Mwenye ganzi isiyouma hana cha kupewa. Kumwambia "acha vidonge" kisha kumgeuzia mgongo ni kumrudisha dukani. Apimwe vitamini B12, maana upungufu wake huharibu neva na unatibika. Aulizwe pia kuhusu B6, ambayo ikizidi huleta ganzi yenyewe. Na vidole vikianza kuchomachoma, aseme siku hiyohiyo, dozi ikiwa bado inaweza kubadilishwa.