Mbuzi wa dhabihu hakuwa hongo

Idi ya kuchinja inapokaribia, mitaa ya Ngamiani hujaa mbuzi. Wanafungwa kwenye nguzo za baraza, wengine wanapita juu ya pikipiki kuelekea Makorora, na usiku wanalia mpaka watoto wa Kikristo nao wanajua jirani kaleta wangapi. Ndio msimu ambao sisi Wakristo wa Tanga huulizwa kwa utani wa kijirani: "Nyinyi mbona hamchinji, na Biblia yenu imejaa damu?" Jibu letu huwa fupi: "Yesu alishamaliza." Kisha tunabadilisha mazungumzo na kungoja pilau.

Jibu hilo silikatai. Ninachokikataa ni maelezo yanayofuata mtu akiuliza, alimaliza nini hasa? Hapo wengi wetu huanza kusimulia habari za Mungu mwenye ghadhabu ambaye zamani alitulizwa kwa damu ya mafahali na mbuzi, ikawa haitoshi, akatulizwa kwa damu ya Mwanawe. Ukiyachuja maelezo hayo, kinachobaki ni hongo. Mnyama alikuwa hongo ndogo, msalaba ukawa hongo kubwa. Nimeyasikia haya mimbarani mara nyingi, tena yakisemwa kwa machozi. Lakini mtu akikifungua kitabu cha Mambo ya Walawi na kukisoma polepole, kile ambacho wengi wetu tunakiruka tukifanya mpango wa kusoma Biblia mwaka mzima, hamkuti Mungu wa namna hiyo.

Sura saba za mwanzo zinataja sadaka kuu tano: ya kuteketezwa, ya unga, ya amani, ya dhambi na ya hatia. Ile ya unga haina mnyama kabisa. Ile ya amani haihusu kosa lolote. Mtu anaitoa kwa kushukuru, kwa kuondoa nadhiri au kwa kupenda tu. Mafuta yanateketezwa madhabahuni, kidari na paja la kulia vinakwenda kwa makuhani, na nyama iliyobaki anakula mwenyewe na watu wake. Ikiwa ni ya shukrani, isibaki hata kipande mpaka asubuhi. Sasa mtu na mkewe watammalizaje ng'ombe mzima kwa siku moja? Lazima waite watu. Nadhani sheria ilikusudia hivyo tangu mwanzo, kwamba usimshukuru Mungu ukiwa umefunga mlango.

Hapa nitoke nje kidogo. Babu zetu wa Bonde na Usambara walipoletewa Biblia, habari ya mnyama anayechinjwa mbele ya asiyeonekana, kisha ukoo ukala pamoja na ugomvi ukazungumzwa, haikuwa ngeni kwao. Waliambiwa tambiko ni giza, waliache. Sitetei tambiko. Ila nadhani mzee aliyekuwa akiongoza tambiko angekielewa Walawi kwa haraka kuliko sisi tunaonunua nyama iliyokwisha kukatwa pale Mgandini.

Maana kuna jambo jingine ambalo sisi wanunuzi wa kilo moja tumelisahau. Katika Walawi sura ya 1, anayemchinja ng'ombe si kuhani. Ni yule aliyemleta. Anaweka mkono juu ya kichwa cha mnyama, anamchinja mwenyewe, ndipo makuhani wanaipokea damu na kuinyunyiza madhabahuni. (Ndege alikuwa akishughulikiwa na kuhani.) Huyo mnyama hakuokotwa porini. Wanyama wa mwituni hawakukubaliwa. Alitoka zizini, hana kilema, pengine ndiye yule ambaye mwenye kundi angependa azae zaidi. Ramban, mwalimu mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 13, aliandika kwamba mtu akiona mnyama anavyofanyiwa anapaswa kuwaza kuwa yeye ndiye aliyestahili, lau si rehema za Mungu. Basi dhana ya mnyama kusimama mahali pa mtu imo ndani ya Uyahudi wenyewe, hatukuizua sisi. Lakini angalieni ilikolenga. Ilimlenga mtoaji, imtikise yeye. Mungu hakuwa na haja ya kutikiswa.

Na kama ingekuwa hongo, matajiri wangefaidi na maskini wangekwama. Walawi 5 inasema tofauti kabisa. Kwa makosa yaliyotajwa pale, mwenye uwezo alete kondoo au mbuzi jike. Akishindwa, hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Akishindwa na hilo pia, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba, kama lita mbili hivi, bila mafuta wala ubani, nayo ni sadaka ya dhambi, naye atasamehewa. Unga! Wale wanaopenda kunukuu Waebrania 9:22, kwamba pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo, wausome mstari mzima. Mwandishi mwenyewe amesema "karibu vitu vyote". Aliijua Torati yake. Mariamu na Yusufu nao, kwa habari ya Luka 2, walipompeleka mtoto Yerusalemu walitoa sadaka ya ndege wawili, ile ambayo sheria ya mzazi iliwaruhusu wasioweza kumpata mwana-kondoo.

Halafu kuna dhambi ambazo hazikuwa na mnyama wa kuzifidia. Sadaka ya dhambi ilikuwa kwa aliyekosa bila kukusudia. Kwa anayefanya kwa kiburi, Hesabu 15 haimwekei mbuzi wala njiwa. Ndiyo sababu Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake kinaihusisha na Daudi baada ya habari ya Bathsheba, inasema wazi kuwa Mungu hapendezwi na dhabihu, "au ningeitoa". Mfalme alikuwa na makundi ya mifugo. Kwa damu ya Uria, mume wa Bathsheba ambaye Daudi alisababisha auawe, hakukuwa na zizi la kutosha, akabaki na moyo uliovunjika.

Siku ya Upatanisho ndiyo inayotuchanganya zaidi, na inastahili kutazamwa kwa utulivu. Walawi 16 inaleta mbuzi wawili. Wanapigiwa kura. Mmoja wa BWANA, mmoja wa Azazeli. Yule wa BWANA anachinjwa, na damu yake inaingizwa nyuma ya pazia kupafanyia upatanisho patakatifu kwa sababu ya uchafu wa watu. Yule wa pili ndiye kuhani mkuu anayemwekea mikono yote miwili na kuungama juu yake maovu yote ya Israeli, kisha anapelekwa jangwani. Akiwa hai. Yaani mbuzi anayebebeshwa dhambi si yule anayechinjwa madhabahuni! Jacob Milgrom, rabi na mtaalamu aliyefanya kazi kubwa juu ya kitabu hiki, alieleza kuwa dhambi za watu zilionwa kama uchafu unaoganda mahali Mungu anapokaa, na damu ndiyo iliyopasafisha ili asiondoke. Unaweza usikubaliane naye kwa kila kitu. Mimi naona anaisoma sura hiyo vizuri kuliko mahubiri mengi ya Ijumaa Kuu, kwa kuwa kwake mbuzi aliyechinjwa hapigwi adhabu ya mtu yeyote. Damu yake, kwa maana ni uhai, inafungua tena nafasi ya Mungu na watu kukaa pamoja.

Mwana-kondoo wa Pasaka naye alikuwa wa jambo jingine: kukombolewa utumwani, kuliwa nyumbani, na nyumba ndogo kushirikiana na jirani. Hakuwa sadaka ya dhambi. Yohana Mbatizaji anapomwita Yesu Mwana-kondoo wa Mungu aichukuaye dhambi ya ulimwengu, picha kadhaa zinakutanishwa kwa mtu mmoja: Pasaka, mtumishi wa Isaya 53, huenda hata yule mbuzi wa jangwani. Wandugu, huo ndio utajiri wa Agano Jipya. Kuubana wote ndani ya picha moja ya deni na mlipaji ni kuupunguza. Picha ya heshima ya Mungu iliyovunjwa na inayodai fidia iliwekwa sawasawa na mwanateolojia Anselm wa Canterbury mwishoni mwa karne ya 11, katika dunia ya mabwana na watwana wao, na Waprotestanti wa karne ya 16 wakaisukuma zaidi upande wa adhabu. Ina mahali pake. Lakini Petro na Yakobo hawakuifahamu kwa sura hiyo, na waliendelea kupanda hekaluni kusali. Paulo mwenyewe, katika Matendo 21, alikubali kugharamia sadaka za watu wanne waliokuwa na nadhiri, miaka mingi baada ya msalaba. Kwa hesabu zetu za hongo, huyo alikuwa anamlipa Mungu mara ya pili.

Mwaka 70 B.K. Warumi wakiongozwa na Tito walilichoma hekalu, na madhabahu ikakoma. Wayahudi hawakuanza kuchinja popote tu, kwa sababu Kumbukumbu 12 iliifunga dhabihu mahali pamoja. (Wasamaria, wenye mlima wao wa Gerizimu, wanachinja kondoo wa Pasaka huko mpaka leo.) Masimulizi ya marabi yanasema Yohanan ben Zakkai alikuwa akipita na mwanafunzi wake, na mwanafunzi akalia kuona mahali pa upatanisho pamekuwa magofu. Yohanan akamjibu kuwa tunao upatanisho mwingine ulio sawa na huo, matendo ya fadhili, akamkumbusha Hosea: nataka fadhili wala si sadaka. Yesu naye aliunukuu mstari huohuo, mara mbili katika Mathayo. Sala za asubuhi na alasiri zikashika nafasi ya wana-kondoo wawili wa kila siku. Karne nyingi baadaye mwanafalsafa wa Kiyahudi Musa bin Maimoni, aitwaye Rambam (si yule Ramban niliyemtaja juu), akaandika kuwa Mungu aliruhusu dhabihu kwa kuwa watu walikuwa wameizoea, na binadamu hang'olewi desturi yake kwa siku moja. Ramban alimpinga vikali. Wayahudi wamebishana hivyo na bado wako pamoja. Sisi kwa ubishi wa nusu ya huo tunafungua kanisa jipya Pongwe.

Manabii walikwisha kusema. "Kama ningekuwa na njaa singekuambia," anasema Mungu katika Zaburi ya 50. Na jirani yangu Mwislamu, ambaye kwake habari za Nabii Ibrahimu na mwanawe ndizo kiini cha Idi, ana aya ya 37 ya Surat al-Hajj: nyama na damu hazimfikii Mwenyezi Mungu, kinachomfikia ni uchamungu. Tofauti zetu kuhusu msalaba ziko palepale, lakini kwamba Mungu hahongeki tunakubaliana mtaa mzima.

Wasiokubaliana ni baadhi ya wahubiri wa siku hizi, wenye "sadaka ya kukomboa" na "sadaka ya kuinua madhabahu", kiwango kikitajwa kabisa na namba ya kutumia pesa ikiwekwa ukutani. Wanaitumia lugha ya Walawi huku wakiziruka sheria za Walawi. Kuhani alikuwa na fungu lake, halali. Lakini wana wa kuhani Eli, katika 1 Samweli 2, walimtuma mtumishi mwenye uma wa meno matatu aidake nyama chunguni, tena aidai mbichi kabla mafuta hayajateketezwa, na Biblia inasema waliidharau sadaka ya BWANA. Namba ya ukutani ina meno matatu pia.

Wangesoma Walawi 6, sadaka ya hatia. Mtu amemdhulumu mwenzake, amekana amana, ameokota kitu na kuapa hajakiona. Afanye nini? Kwanza arudishe chote, aongeze sehemu ya tano, amkabidhi mwenyewe. Ndipo alete kondoo dume. Mishna, sheria za marabi zilizokusanywa karibu mwaka 200 B.K., inashikilia hapohapo: makosa ya mtu na mwenzake, hata Siku ya Upatanisho haiyafuti mpaka amtulize huyo mwenzake. Na Yesu alisema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, uende ukapatane naye kwanza. Kwa Mathayo anayasema hayo kwa watu wa Galilaya, na madhabahu iko Yerusalemu, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Ni sawa na kumwambia mtu wa Lushoto aliyeteremka na mbuzi wake mpaka Tanga mjini amwache hapo, apande milima kwa miguu kwenda kumwomba radhi shemeji yake, ndipo arudi. Mbuzi anabaki na nani, hatuambiwi.

Ningependa Kwaresima ijayo, kabla kapu halijapitishwa, msomaji asimame atusomee Walawi 6 mistari saba ya kwanza bila kuhubiri. Aliyekula fedha za kikoba azipeleke na sehemu ya tano juu. Aliyesogeza mpaka wa kiwanja cha mjane aurudishe. Kapu la siku hiyo litakuwa jepesi, na mweka hazina atalalamika.